Injinia Anaamuaje? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa kutoka kwa watu wa aina tatu. Kuna wenye nyumba wanaojenga Goba, Chanika na Kigamboni. Kuna vijana wanaokuja saiti kwa mafunzo ya vitendo. Na kuna mafundi, ambao huuliza wakiwa wameshika karai na wanataka jibu kabla zege halijaanza kushika. Mimi ni mhandisi wa majengo hapa Dar es Salaam, kwa hiyo mifano mingi ni ya zege na nondo. Wa maji, umeme au mitambo atajikuta humo pia, na wa programu nimemwekea swali lake (la 17).

Nimeanza na ya msingi, magumu yako mwisho. Pale ambapo jibu limeshatolewa kwingine, nimekuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

1. Mwanasayansi na mhandisi wanafikiri tofauti vipi?

Mwanasayansi anaweza kusema "bado hatujui" akarudi maabara mwakani. Mhandisi hana nafasi hiyo. Mwenye kiwanja ameshapata kibali, masika yanaingia mwezi wa tatu, na shimo la msingi liko wazi. Leo hii lazima aseme nguzo iwe na upana gani, ilhali udongo ameupima kwenye mashimo matatu tu, na uliobaki chini ya jengo hajauona wala hatauona.

Swali analotembea nalo ni hili: kwa haya machache ninayoyajua, kwa pesa na muda uliopo, niamue nini ili hata nikiwa nimekosea, kosa langu lisiue mtu? Sayansi ipo ndani ya jibu lake, lakini hailijazi lote. Pengo linalobaki ndilo mada ya maswali yote yanayofuata.

2. Kwa hiyo mnabahatisha?

Hapana. Anayebahatisha hajui ukubwa wa kile asichokijua, na akikosea hana pa kurudia. Ukifungua jalada la hesabu la mhandisi makini, kurasa za mwanzo ni za dhana: udongo utabeba kilonewtoni 150 kwa kila mita ya mraba, zege litakuwa la daraja la 25 (yaani nguvu ya nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba), juu hakutajengwa zaidi ya ghorofa tatu, vyumba vitakuwa vya kuishi na havitageuzwa stoo ya mizigo. Kila dhana ni jambo ambalo hana uhakika nalo, ameliandika kwa wino, na mtu yeyote anaweza kulihoji.

Siku shimo likichimbwa tukakuta udongo wa mfinyanzi mahali tulipotarajia mchanga, kurasa hizo ndizo zinazotuonyesha hesabu irudiwe kuanzia wapi. Mimi kijana akiniletea hesabu safi isiyo na ukurasa wa dhana, namrudishia kabla sijasoma namba yoyote.

3. Fundi mzoefu na mhandisi: nani anajua zaidi?

Wanajua kwa njia tofauti. Mpe fundi mchanga, ataufinya kwenye ngumi, ataufungua mkono na kuangalia kiganja. Kikibaki na tope, anaukataa. Mhandisi atautia kwenye chupa yenye maji, ataitikisa, ataiacha mchanga na tope vijitenge, kisha atapima unene wa tabaka la tope kwa rula. Wote wawili wanauliza kitu kimoja, na mara nyingi kiganja cha fundi hakikosei.

Tofauti inajitokeza kazi inapotoka nje ya ukubwa aliouzoea. Fundi aliyejenga bimu za mita 4 kwa miaka 20 anaona ya mita 8 kama ileile iliyorefushwa. Kumbe ukirefusha bimu mara mbili, huku kila mita ikibeba mzigo uleule, nguvu ya kuikunja inakuwa mara 4, na kubonyea kwake katikati kunakuwa mara 16. Hilo mkono hauwezi kulihisi mapema. Hesabu ndiyo inayotupeleka mahali ambapo hatujawahi kufika, na uzoefu ndio unaotuambia kama hesabu imeanza kutudanganya.

4. Kwa nini mnaridhika na "inatosha"? Kwa nini msitafute suluhisho lililo bora kabisa?

Kwa sababu kulitafuta kuna gharama, na mara nyingi gharama hiyo inazidi faida yake. Herbert Simon, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, aliueleza mtindo huu wa kuamua tangu mwaka 1956: mtu anaweka kiwango cha kinachokubalika, anatafuta hadi anakipata, kisha anasimama.

Saiti ina sababu nyingine pia. Tuseme hesabu inanipa nondo za milimita 10 sehemu moja ya slabu na za milimita 12 sehemu ya jirani. Kwenye karatasi huo ndio mpango wa bei ndogo. Lakini saa kumi na mbili jioni, nondo zikiwa na vumbi na watu wamechoka, kuzitofautisha hizo mbili kwa macho ni kazi. Naweka za 12 kote. Nimepoteza kilo kadhaa za chuma, nimepata kazi ambayo ni vigumu kuikosea.

## Akiba, namba na yasiyojulikana

5. Kwa nini nilipie nondo na zege kuliko jengo linavyohitaji?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo ninalopenda kulijibu taratibu.

Wahandisi wengi wa rika langu tulifundishwa kwa kiwango cha Uingereza kiitwacho BS 8110. Uingereza yenyewe ilikiondoa mwaka 2010 ikahamia viwango vya Ulaya, lakini mantiki haikubadilika. Kiwango hicho kinasema: uzito wa jengo lenyewe uzidishe kwa 1.4. Mzigo wa watu na vitu uzidishe kwa 1.6. Nguvu ya zege igawanye kwa 1.5, na ya nondo kwa 1.15 (toleo la baadaye lilishusha hiyo ya nondo hadi 1.05).

Sasa tazama kwa nini namba hizo hazifanani. Uzito wa ukuta naujua vizuri, ni tofali na plasta, hivyo akiba yake ni ndogo. Watu siwajui. Sebule niliyoichora ya familia ya watu sita, siku ya arusi itajaa watu mia, wote wamesimama, wote wanacheza. Hapo akiba inapanda. Nondo inatoka kiwandani ikiwa imepimwa. Zege tunalichanganya kwa ndoo na karai chini ya jua, mchanga wa leo si wa jana, na aliyeshika bomba la maji ana haraka. Ndiyo maana zege linakatwa zaidi kuliko chuma. Pale tusipojua sana, akiba ni kubwa. Pale tunapojua, inapungua.

Hata neno "daraja la 25" lina unyenyekevu ndani yake. Linamaanisha kwamba kati ya vipimo 100, tunakubali takriban 5 vitashuka chini ya 25. Mwenye nyumba anaposema "Injinia unanitia hasara", namweleza kwamba zile kilo za ziada ndizo zinazobeba kila kitu ambacho mimi na yeye hatutakiona kamwe.

6. Kama akiba ipo, si niongeze ghorofa moja tu?

Usiongeze. Akiba si nafasi tupu iliyobaki. Imeshaanza kutumika siku ya kwanza: nondo iliyohama sentimita 2 wakati wa kumwaga, zege lililomwagwa huku mvua ikinyesha, nguzo iliyopinda kidogo, tangi la maji lililopandishwa juu bila mtu kuulizwa. Hakuna anayejua imebaki kiasi gani. Ukiongeza ghorofa, unatumia pesa ambayo huenda mwenzako ameshaitumia.

Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, hapa katikati ya jiji, liliporomoka na kuua watu 36. Ghorofa zake zilikuwa zimezidi zilizoidhinishwa. Tarehe 16 Novemba 2024 likaporomoka lingine Kariakoo, likiwa na watu ndani wakifanya biashara. Ninapopita mitaa hiyo na vijana wa mafunzo huwa tunasimama. Kila ghorofa unayoiongeza juu inashuka kupitia kila nguzo iliyo chini yake hadi kwenye udongo. Ghorofa "moja tu" haipo.

Kama kweli unahitaji kupanda juu, uamuzi huo una njia yake: tazama swali la 19.

7. Mlisema mtaro umejengwa kwa mvua ya miaka 50. Mbona umefurika baada ya miaka miwili?

Jina hilo linapotosha, na kosa ni letu tuliolileta. "Mvua ya miaka 50" haina ratiba. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi 2 kati ya 100 ya mvua kubwa kiasi hicho kunyesha. Mwaka huu ikinyesha, mwakani nafasi ni zilezile 2. Ukijumlisha, nafasi ya kuiona angalau mara moja ndani ya miaka 10 ni kama asilimia 18, na ndani ya miaka 30, muda wa mtu kulea watoto kwenye nyumba yake, ni kama asilimia 45.

La pili ni kwamba rekodi za zamani zinaeleza jiji la zamani. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu. Mvua iliyokuwa ikinywewa na vichaka na mashamba sasa inaangukia mabati na sakafu, inafika Jangwani kwa kasi na kwa wingi zaidi. Waliopitia mafuriko ya Desemba 2011 wanalijua hili bila hesabu yangu. Mhandisi anayetumia takwimu za zamani bila kuuliza kilichobadilika bondeni ametumia namba sahihi za mahali ambapo hapapo tena.

8. Kanuni za uzoefu zinaaminika?

Zinaaminika nyumbani kwao. Angalia nyumba za mawe za Kilwa, Zanzibar na Lamu: vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wake kama mita 2.5 hadi 3. Wajenzi hawakupungukiwa na kiwanja. Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya hapo ikiwa na mawe na chokaa juu yake. Kanuni ile ilibeba ndani yake mti, mzigo na makosa ya waliotangulia, na imelinda watu kwa karne nyingi bila mtu kuandika hesabu.

Sisi tunazo zetu. Kwa bimu iliyokaa juu ya nguzo mbili, gawanya urefu kwa 20 upate kina cha kuanzia. Ikiendelea juu ya nguzo nyingi, gawanya kwa 26. Ikiwa inaning'inia upande mmoja kama kibaraza, gawanya kwa 7. Tofauti ya 26 na 7 ni kubwa, na ndiyo maana fundi anayenakili unene wa slabu ya ndani kwenda kwenye kibaraza ananitisha.

Kanuni ikihama makazi, ihojiwe. Zege la kufunika nondo lililotosha Dodoma halitoshi Masaki au Kigamboni, ambako upepo wa bahari unaleta chumvi, na chumvi ikifika kwenye nondo, chuma kinavimba kwa kutu na kulipasua zege kutoka ndani. Vivyo hivyo kokoto: mafundi wengi hapa watakuambia za Lugoba ni za nguzo na bimu, za Kunduchi ni za kazi nyepesi. Mara nyingi ni kweli, kwa sababu za Kunduchi ni mawe ya chokaa na matumbawe. Lakini jiwe halisomi kanuni, hivyo tunapima shehena iliyofika.

9. Siku hizi kompyuta inapiga hesabu. Mhandisi wa nini?

Kompyuta inajibu swali uliloliuliza, hata kama umeuliza vibaya. Mimi kabla sijaamini majibu yake nafanya hesabu moja kwa kalamu: jengo la zege lina uzito wa kama tani 1 kwa kila mita ya mraba ya kila ghorofa. Jengo la mita 20 kwa 15, ghorofa nne, ni tani 1,200 hivi. Programu ikisema misingi yote inapokea tani 300, kuna mzigo umesahaulika, na picha nzuri za rangi hazitanishawishi vinginevyo.

## Yanayotokea saiti

10. Majibu ya zege yamekuja chini. Mnavunja?

Nitasimulia kazi moja, kwa sababu hapa ndipo kuamua kunapoonekana kwa karibu.

Lilikuwa jengo la ghorofa tatu. Tulimwaga nguzo za chini kwa zege la daraja la 25, tukachukua kyubu za kupima, yaani vipande vya mchemraba vya zege lilelile. Zege hupimwa siku ya 7 na ya 28, na siku ya 7 hutarajiwa kufika kama theluthi mbili ya nguvu yake, yaani kwenye 16 hivi. Majibu yakaja 11. Kungoja siku ya 28 ilikuwa inamaanisha slabu ya juu iwe imeshamwagwa. Kuvunja ilikuwa inamaanisha hasara kubwa kwa jambo ambalo bado hatukulijua.

Nikasimamisha kazi ya juu yake tu, nyingine ikaendelea. Kisha tukauliza kyubu zenyewe zililala wapi. Hazikuwa majini, zinakopaswa kukaa. Zilikuwa zimeachwa juani kando ya stoo. Msimamizi akafurahi: "Basi tatizo ni kyubu, nguzo ziko salama." Inawezekana. Lakini maelezo yanayotufurahisha sote kwa wakati mmoja nayaogopa, kwa hiyo nikaomba yathibitishwe. Tukagonga nguzo zote kwa nyundo ya kupimia, tukachagua tatu zenye mashaka zaidi, tukakata vipande kutoka ndani yake na kuvipeleka maabara.

Mbili zilikuwa nzima. Ya tatu, ya pembeni, ilikuwa dhaifu kweli. Ile tuliivisha koti: ringi mpya (vyuma vinavyozizunguka na kuzifunga nondo), nondo mpya, zege jipya kuizunguka.

Siku tunafunga zile ringi, fundi mkuu, mzee ambaye nilikuwa nimefanya naye kazi kwa miezi, akaniambia kwa upole, "Injinia, ile ya pembeni ilimwagwa jioni. Zege lilikuwa uji." Alikuwa anajua tangu mwanzo. Hakuna aliyemuuliza, na mimi ndiye niliyepaswa kumuuliza. Tangu siku hiyo, majibu yakija mabaya, kabla ya nyundo na maabara, nakaa na mafundi tunaipitia siku ya kumwaga saa kwa saa.

11. Kwa nini mnagombana na mafundi kuhusu maji?

Mfuko wa saruji wa kilo 50 na maji lita 25 vinatoa uwiano wa 0.5. Ongeza ndoo ya lita 10 tu, umefika 0.7. Maji yale ya ziada yakikauka yanaacha vitundu, na vitundu ndivyo vilivyotufikisha kwenye nguzo ya swali la 10.

Lakini kugombana hakusaidii, maana fundi ana sababu. Zege limekaa juani, au gari lake limekwama kwenye foleni Barabara ya Morogoro, limekuwa zito, haliingii katikati ya nondo. Ukimkataza maji bila kumpa njia nyingine, ataongeza ukigeuka. Tumwage alfajiri, tusogeze mashine karibu, tutumie dawa ya kulainisha zege iliyopimwa, tuachie nafasi ya kutosha kati ya nondo tangu kwenye ramani.

12. Nimeona ufa ukutani. Niogope lini?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Naomba tu, kabla hujauziba, uusome, kwa sababu ukishaupiga plasta umefuta ushahidi. Chukua penseli, weka alama kwenye ncha zote mbili, andika tarehe pembeni. Rudi baada ya wiki mbili, na tena baada ya mvua.

Ufa mwembamba kama nywele, uliotapakaa kwenye plasta bila mpangilio, kwa kawaida ni plasta iliyokauka haraka. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha na kupanua mdomo kuelekea juu unanifanya nitazame chini, kwenye msingi: upande mmoja huenda unazama. Ufa kwenye bimu au nguzo, au wenye madoa ya kutu, usiungoje. Ita mtu leo.

Hapa mhandisi anafanya kama tabibu, anatoka kwenye dalili kurudi kwenye chanzo, na dalili moja huwa na vyanzo vingi. Penseli inaondoa kimoja kimoja: ufa usiotembea umeshamaliza safari yake, unaotembea bado una kinachousukuma.

13. Fundi amebadilisha kitu kidogo ili kurahisisha kazi. Kuna ubaya?

Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli moja ya mji wa Kansas City, Marekani, vivuko viwili vilivyoning'inia ukumbini, kimoja juu ya kingine, vilianguka na kuua watu 114. Mchoro wa kwanza ulikuwa na fito ndefu za chuma kutoka darini zinazopita kivuko cha juu hadi cha chini. Ili kurahisisha kazi, kila ufito ulikatwa ukawa mbili: mmoja kutoka darini hadi kivuko cha juu, mwingine kutoka kivuko cha juu hadi cha chini.

Fikiria watu wawili wamening'inia kwenye kamba moja, kila mmoja ameishika kwa mikono yake. Sasa wa chini aiachie kamba, ashike miguu ya wa juu. Kamba haijui tofauti. Mikono ya wa juu inajua: imebeba watu wawili. Hivyo ndivyo maungio ya kivuko cha juu yalivyobebeshwa mara mbili, na hata mchoro wa kwanza ulikuwa chini ya kiwango cha mji ule. Badiliko lilipita mikononi mwa watu kadhaa, na hakuna aliyekaa kulipigia hesabu.

Kwa hiyo jibu langu kwa fundi huwa: wazo lako huenda ni zuri kuliko langu, nipe usiku mmoja.

## Pesa, wakubwa na watu wengine

14. Pesa hazitoshi. Tupunguze nini?

Punguza kile utakachoweza kukirudia. Vigae, dari la jipsamu, milango, rangi, uzio, hata chumba kizima: vyote vinaweza kungoja miaka mitano. Msingi, nondo, ringi na zege la kufunika nondo ukishavimwaga umevifunga. Wateja wengi hufanya kinyume kwa sababu vigae vinaonekana na wageni. Nawaelewa, na bado nakataa.

15. Bosi ananiambia "thibitisha kwamba itaanguka". Nifanye nini?

Usikubali swali ligeuzwe. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za chombo cha anga cha Challenger walipinga kisirushwe. Chombo kilikuwa hakijawahi kurushwa katika baridi chini ya nyuzi 12 za Selsiasi, na walikuwa wameona mipira ya kuzibia maungio ikidhoofika kwenye baridi. Kwa kawaida anayetaka kurusha ndiye huthibitisha usalama. Usiku ule walijikuta wao ndio wanaotakiwa kuthibitisha hatari, na kwa data chache walizokuwa nazo hawakuweza kuithibitisha kikamilifu. Asubuhi kukiwa na nyuzi 2 hivi, chombo kilirushwa, kikavunjika baada ya sekunde 73, na watu 7 wakafa.

Somo la kufikiri hapa ni nani anabeba mzigo wa uthibitisho. Kijana wangu, ukiwa saiti na mkubwa akakuambia "nionyeshe hesabu kwamba slabu itaanguka tukivua mbao leo", mjibu kwa heshima: "Mzee, naomba tuonyeshane kipimo kwamba itasimama." Kisha liandike kwenye daftari la saiti, na tarehe. Mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi amekula kiapo, na kiapo hicho hakikuwekwa kwa ajili ya siku rahisi.

16. Wahandisi wawili wamenipa majibu mawili. Nani mkweli?

Huenda wote. Usilinganishe majibu, linganisha kurasa za dhana (swali la 2). Mara nyingi mmoja amedhani udongo mzuri na mwingine mbaya, na ubishi unamalizwa na shimo la kupima. Asiyeweza kukuonyesha dhana zake, huyo mwache.

17. Waandishi wa programu nao wanaamua hivi?

Kwa sehemu kubwa wana bahati kuliko sisi: wanaweza kutoa toleo leo, wakaona kosa, wakarekebisha kesho. Kwa maamuzi yanayorudishika, haraka ni busara, kwa sababu kujaribu kunafundisha kuliko kujadili. Mimi siwezi kumwaga nguzo ya majaribio kila asubuhi.

Ila mahali pesa au uhai unapopita, programu inakuwa zege. Mama ntilie anatuma malipo kwa simu, mtandao unakatika, anabonyeza tena. Mwandishi aliyedhani mtandao haukatiki atamkata pesa mara mbili. Aliyedhani utakatika anaupa kila muamala namba yake, ili ukija mara ya pili mfumo uutambue na usirudie. Ni ukurasa uleule wa dhana.

## Yale magumu

18. Nikigundua kosa langu baada ya watu kuhamia?

Unasema, siku hiyohiyo, kwa mwenye jengo na kwa mamlaka. Najua inavyouma.

Mwaka 1978 William LeMessurier, mhandisi wa jengo la Citicorp la ghorofa 59 jijini New York, aligundua kwamba upepo unaopiga jengo kwa mshazari ungeweza kuliangusha, kwa sababu maungio ya chuma yalikuwa yamefungwa kwa bolti badala ya kuchomelewa. Akajitoa mbele. Mafundi wakachomelea usiku kwa usiku hadi jengo likawa imara. Anasifiwa sana kwa hilo, na anastahili. Lakini wananchi waliokaa na kupita chini ya jengo hawakuambiwa ukweli hadi 1995, na hapo mimi siungani na wanaomsifu. Anayelala chini ya hatari ana haki ya kuijua. Kuzuia taharuki ni sababu ya kupanga maneno vizuri, haitoshi kuwa sababu ya kunyamaza.

19. Jengo ni la zamani, ramani hazipo, na ninataka kuliongezea mzigo. Inaamuliwaje?

Kwa kukubali kwanza kwamba hatujui. Hoja ya "limesimama miaka 60" ina uzito, maana ni jaribio refu kuliko lolote la maabara. Lakini inathibitisha mzigo uliokwisha kubebwa tu. Wa kesho haujui.

Baada ya hapo tunatafuta. Tunakwangua zege sehemu chache zisizo na hatari tuone nondo: ngapi, unene gani, zina kutu au la. Tunachimba kando ya msingi. Pale tusipoweza kuona, tunadhani kibaya kinachowezekana, na tunauliza swali ambalo vijana wengi hulisahau: je, haja ya mteja inaweza kutimizwa bila kuligusa jengo?

Mteja mmoja katikati ya jiji alitaka tangi la lita 10,000 juu ya paa la jengo la namna hiyo, kwa sababu ya mgao wa maji. Likijaa ni tani 10 juu ya slabu ambayo hakuna aliyejua ina nini ndani. Tulichimbua sehemu mbili, tukakuta nondo nyembamba, tukaacha kuchimbua. Tangi kubwa likawekwa uani, juu ya ardhi, na pampu. Juu tukapandisha la lita 1,000, likakaa pale ambapo kuta mbili zinakutana na kushuka moja kwa moja hadi msingini.